Mrejesho: yule mbwa wangu aliyekuwa anajikuna usiku kucha

Wakuu habari zenu, mtakumbuka nilileta kesi ya Simba, anajikuna mpaka manyoya ya tumboni na kwenye masikio yameisha, nikadhani ni upele au viroboto, na nikaambiwa hapa nichunguze banda la kuku maana analala pembeni yake.

Basi nilimpeleka kwa daktari wa mifugo akakwangua ngozi akaangalia kwa hadubini, wadudu wa upele hakuna. Usiku nikaingia bandani na tochi na karatasi nyeupe, nikaifuta chini ya kichanja, jamani, vidoti vyekundu vinatembea, ukikiminya kimoja kinaacha mstari wa damu. Utitiri, wale wadudu wadogo wanaonyonya damu ya kuku! Mchana wanajificha kwenye nyufa za mbao ndo maana nilikuwa sioni kitu.

Nimetoa maranda yote nikachoma, viota pia, nyufa nikaziba, nikapuliza dawa na baada ya siku saba nikarudia, sababu mayai yanakuwa yameanguliwa na hao wadudu wanakaa miezi bila kula wakikusubiri tu. Simba alipewa dawa yake na sindano ya kupunguza mwasho. Tafadhali dawa ya banda usimpake mbwa hivi hivi, muulize daktari kwanza.

Leo wiki ya tatu, manyoya yameanza kuota, laini kama ya kitoto, na sasa analala barazani mbali na kuku. Jana kalala mpaka asubuhi bila kujikuna hata mara moja, nimefurahi mno. Asanteni sana.