Mkojo wa njano hautoshi: unamtambuaje mtu aliyepungukiwa maji mwilini?

saidia_fundi
Wakuu, habari za jioni. Kila siku tunaambiwa tuangalie rangi ya mkojo. Sawa, lakini kwenye zege hakuna anayekagua mkojo wa mwenzake, mtoto wa miezi 9 anakojolea nepi, na bibi wa miaka 78 atakwambia kutwa nzima hana kiu. Kwa hao watatu, dalili zipi ni za kuamini na zipi zinadanganya? Na akishaonekana kapungukiwa, apewe nini na kiasi gani?

zamu_ya_usiku
Nianze na mkojo wenyewe, kwa sababu unasingiziwa mengi. Wa alfajiri huwa umekolea kwa karibu kila mtu, kwa hiyo usiuhukumu huo. Anayemeza vitamini B hukojoa njano inayong'aa hata kama amekunywa maji ya kutosha. Aliye kwenye dawa za TB zenye rifampisini hukojoa rangi ya chungwa. Na mwenye kisukari kilichopanda ni kinyume kabisa: anakojoa mwingi, mweupe, huku mwili unakauka, kwa sababu sukari inatoka na maji. Ukiondoa hao, mkojo mchache wa rangi ya chai ya rangi, na tangu asubuhi hajaenda tena haja ndogo, hapo kuna upungufu. Ukiwa mweusi kama soda ya kola baada ya kazi nzito au homa, hilo si suala la kunywa maji na kusubiri. Hospitali siku hiyo hiyo.

Mtoto anayeharisha ana vipimo vyake. Tazama macho kama yamezama. Muulize mama, yeye ndiye anajua yalivyokuwa jana. Mpe maji kwa kijiko: akinyakua kwa pupa, ana kiu ya kweli. Kisha finya ngozi ya tumbo, katikati ya kitovu na ubavu, mkunjo ufuate urefu wa mwili, halafu achia. Ikirudi taratibu, na ukaongeza macho yaliyozama au kulialia bila kutulia, tayari amepungukiwa. Ikikawia zaidi ya sekunde 2, au mtoto amelegea, au hawezi kunywa, huyo anahitaji dripu. Mkimbize kituo cha afya, na njiani muendelee kumpa ORS (unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji) kidogo kidogo kama anameza. Angalizo: mtoto aliyekonda kwa utapiamlo ngozi yake hukawia hata kama maji yapo, na mtoto mnene ngozi yake hurudi haraka hata akiwa mkavu. Utosi uliobonyea na kulia bila machozi vinasaidia, ila usivitegemee peke yake.

msimamizi_saiti
Upande wa vibarua, usisubiri aanguke. Dalili ya mwanzo iko kwenye kazi yake: anakosea hesabu ya ndoo za kokoto, anakuwa mkali bila sababu, mate yamekuwa mazito, kichwa kinagonga. Akiinuka ghafla anashika nguzo. Kubanwa na misuli ya mapaja huja baadaye.

Kama kuna mizani, mpime asubuhi na mchana akiwa na kaptula tu. Kilo 1 iliyopungua ni kama lita 1 ya jasho. Mtu wa kilo 70 akipungua kilo 1.4 utendaji wake umeshashuka. Jasho lenyewe lisikudanganye: Dar es Salaam shati linalowa kwa sababu hewa ina unyevu, Dodoma jasho linakauka papo hapo na mtu anaapa kwamba hatoki jasho. Tazama chumvi nyeupe kwenye kola ya shati.

Kipimo chetu ni kikombe cha mililita 250 kila dakika 15 hadi 20, bila kungoja kiu. Na pasizidi lita moja na robo kwa saa! Anayejimiminia maji matupu lita kwa lita anapunguza nguvu ya chumvi kwenye damu: kichwa kinauma, anatapika, anachanganyikiwa, na wenzake wanamwongezea maji wakidhani hayajatosha. Huyu mkojo wake ni mweupe na uzito umeongezeka. Chakula cha mchana chenye chumvi kinazuia mengi ya hayo.

Akichanganyikiwa huku mwili unachoma, hiyo ni shida ya joto. Kivulini, mvue, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, mwite gari. Usimnyweshe mtu asiyejitambua.

saidia_fundi
Asanteni sana. ORS ikikosekana, madafu au soda inafaa? Na yule bibi?

zamu_ya_usiku
Soda hapana, hasa kwa anayeharisha: sukari nyingi tumboni huvuta maji kutoka mwilini na kuhara kunaongezeka. Madafu yana potasiamu nyingi lakini chumvi kidogo. Ni kinywaji kizuri, ila hayachukui nafasi ya ORS. Ya nyumbani ni lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa kwa kisu. Onja: ikizidi chumvi ya machozi, mwaga.

Pakiti ya dukani soma kwanza ni ya lita ngapi. Kosa kubwa ni kumimina pakiti ya lita 1 kwenye kikombe "ili iwe na nguvu". Chumvi inazidi na mtoto anakauka zaidi. Chupa mbili za maji za nusu lita ni kipimo tosha. Usiongeze sukari, usichemshe baada ya kuchanganya, na ikipita saa 24 imwage.

Mtoto chini ya miaka 2: mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji. Aliyeshaonyesha dalili: mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa 4, yaani wa kilo 8 anapata 600. Akitapika, subiri dakika 10, endelea polepole zaidi. Ziwa la mama lisikatwe.

mlezi_wa_wazee
Bibi nitamjibia mimi. Kufinya ngozi ya mkono wake hakuna maana, ngozi ya uzee inakawia tu. Tazama ulimi kama umekauka na kupasuka, shika kwapa kama ni kavu, na ogopa kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla tangu jana. Hisia ya kiu hupungua na umri, na wengi hawanywi jioni makusudi wasiamke usiku. Kama anatumia dawa ya presha inayokojoza, hatari inazidi, hasa siku ya kuharisha; muulizeni daktari kama aisimamishe kwa muda.

Usimwambie "kunywa maji". Mpe chai pamoja na dawa, uji saa nne, mchuzi mchana, tunda la maji jioni. Chai inahesabika, msimnyime. Ila mwenye moyo au figo dhaifu kiasi chake kinapangwa na daktari, maana kwake maji yakizidi yanaingia kwenye mapafu.