Taa ya LED na baza kwenye pini za Arduino Uno

Mwanafunzi wa Jinja: Habari zenu, wakubwa. Ninatengeneza king'ora cha banda la kuku chenye taa nyekundu ya LED na baza ya volti 5, vyote vikiunganishwa moja kwa moja kwenye pini za Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kuprogramu. Taa imeshaungua, na sasa ninaihofia bodi. Nimekosea wapi?

Fundi wa Mbale: Ndugu, LED haiwezi kujizuia, ikishavuka volti 2 hivi, huvuta umeme wote inaoupata. Tia rezista ya ohmu 220 kwa mfululizo, upande wowote wa taa: volti 3 zinazobaki kati ya 5 za pini, zikigawanywa kwa 220, hutoa takriban miliampea 14, ilhali pini ya ATmega328P, chipu ya Uno, haifai kubebeshwa zaidi ya 20, na 40 ndio ukomo wake kabisa.

Mama wa Saketi, Kampala: Mimi naiogopa baza zaidi. Ile yenye koili (waya uliozungushwa) huweza kuvuta miliampea 30 au zaidi, na inapozimwa hurudisha msukumo mkali wa volti. Pini iendeshe transista ya 2N2222, swichi ya kielektroniki yenye miguu mitatu (beisi, emita na kolekta), kupitia rezista ya ohmu 1,000 kwenye beisi. Emita iende graundi, nayo baza ikae kati ya kolekta na volti 5, ikiwa na dayodi ya 1N4148 (hupitisha umeme upande mmoja tu) sambamba nayo, mstari uliochorwa kwenye dayodi ukielekea volti 5. Usiigeuze, mwanangu; niliwahi kuunguza transista mbili jioni moja.

Mwanafunzi wa Jinja: Ahsanteni sana. Baza yangu imeandikwa miliampea 30, kwa hiyo kesho ninaitafuta transista.