Kwa nini siku ya kuzaliwa huhama katika kalenda ya Kimalayalam?

Swali: Ndugu zangu, hapa Maskati nafanya kazi na watu wa Kerala, jimbo la kusini mwa India wanakozungumza Kimalayalam, na mmoja wao husherehekea siku yake ya kuzaliwa kwa tarehe tofauti kila mwaka. Je, kalenda yao hufuata mwezi mwandamo kama ya Kiislamu?

Jibu la 1: Hapana, ndugu. Kalenda hiyo, iitwayo Kollavarsham, ni ya jua. Hesabu yake huanzia mwaka 825, na mwaka wake wa 1200 ulianza Agosti 2024. Hata hivyo, kila siku hupewa pia jina la mojawapo ya nyota 27 ambazo mwezi wa angani huzipitia. Mtu husherehekea siku ambayo nyota ya siku aliyozaliwa inarudi ndani ya mwezi wa kalenda aliozaliwa, na ndiyo maana tarehe huhama. Onam, sikukuu kubwa ya Kerala, nayo hufuata nyota ya Thiruvonam katika mwezi wa Chingam.

Jibu la 2: Naongeza la wakulima, ambalo kwangu ndilo lenye thamani kubwa zaidi. Mwaka wa jua hugawanywa katika vipindi 27 viitwavyo njattuvela, vyenye majina ya nyota hizo 27, kila kimoja cha takriban siku 13 au 14, na kile cha Thiruvathira, kinachoanza mwishoni mwa Juni mvua zikiwa zimekolea, huhesabiwa kuwa bora kwa kupanda pilipili manga. Baadaye huja Karkidakam, mwezi wa mvua nyingi, ambapo familia nyingi za Kihindu husoma Ramayana, utenzi wao mtakatifu, nyumbani kila siku.