Naomba ushauri: mume wangu karudi kutoka ulinzi wa amani, usiku halali

Habari zenu ndugu zangu. Niko Nkuhungu, Dodoma. Mume wangu ni mwanajeshi, karudi tangu Machi kutoka Kongo, kwenye ulinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa. Hanywi, hapigi mtu. Ila usiku halali. Juzi upepo ulipogonga bati (mnaujua upepo wa huku) aliruka, akamfunika mwanetu wa miaka minne kwa mwili wake, anatetemeka, jasho linamtiririka. Nililia sana.

Nikimtajia Mirembe, hospitali ya afya ya akili ya hapa Dodoma, anakataa: mtaani watasema kachanganyikiwa. Hata kwenda kwa daktari wa kikosi anaogopa, kazi yake isije ikaharibika.

Wake wa wanajeshi mliopitia haya, mlianzia wapi? Naweza kwenda mwenyewe kwanza kwa ofisa ustawi wa jamii? Hata ikibidi Lugalo, hospitali ya jeshi Dar es Salaam, nitapanda treni ya mwendokasi kesho asubuhi.