Simu imekufa, mdaiwa anakana. Naweza kupata SMS zangu kutoka mtandao wa simu?

MamaGunia
Wakuu habarini. Nauza mchele, nachukua Ifakara naleta hapa Morogoro mjini. Kuna mama mmoja mwenye mgahawa nilimpa gunia 12 kwa mali kauli, milioni 3. Akanitumia meseji ya kawaida, si WhatsApp: "Mzigo nimepokea dada, 12 kamili, hela yako mwisho wa mwezi." Leo anadai zilikuwa 5 na alishanilipa mkononi. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, haiwaki. Ofisi za mtandao wananiambia meseji hawatoi, nilete barua ya polisi. Mjomba anasema nikachukue RB tu, ile namba ya taarifa ya polisi. Kuna kijana naye ana mtu ndani, anataka elfu hamsini anitolee zote, zangu na za yule mama. Laini ni yangu, nimesajili kwa NIDA yangu, kwa nini ninyimwe maneno niliyoandikiwa mimi?

Chuga_Boy
Mpe huyo wa elfu hamsini. Bila mtu ndani utazeekea kwenye foleni.

Karani_Mstaafu
Binti, achana na huyo. Nimezeekea kwenye masjala ya mahakama, haya nimeyaona. Mfanyakazi anayechomoa meseji za mteja kwa siri anavunja sheria ya mawasiliano, EPOCA ya 2010, na kuingia kwenye mfumo bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Utaingia kudai milioni 3, utoke na kesi ya jinai. Na karatasi hiyo utaieleza vipi kwa hakimu? Atauliza imetoka wapi, nani kaitoa, imetunzwaje.

RB nayo si dawa. Kifungu cha 32 cha sheria hiyo ya 2015 kinampa mkuu wa kituo uwezo wa kuamuru mtu atoe data, lakini ni kwa upelelezi wa jinai. Lako ni deni, ni madai. Na mkuu huyo wa kituo hahitaji kupita kwa hakimu kwanza, hilo mimi sikulipenda tangu sheria inapita. Mnakumbuka Maxence Melo wa JamiiForums alivyokamatwa Desemba 2016, polisi wakitaka taarifa za wanachama wake? Ni watu walioandika kwa majina ya bandia, kama sisi humu. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda mawasiliano ya mtu, na ulinzi huo anao hata yule mama anayekudhulumu.

Fungua madai. Ukiwa mahakamani unaweza kuomba mtu wa kampuni aitwe na kumbukumbu walizonazo. Ila usitegemee sana wawe wametunza maneno yenyewe. Wanachokuwa nacho kwa kawaida ni nani kamtumia nani na saa ngapi. Hata hiyo inasaidia: inaonyesha mliandikiana siku mzigo ulipofika.

MamaGunia
Shikamoo mzee. Ile meseji nilimfowadia mdogo wangu wa Kilosa, bado anayo. Haitoshi?

Karani_Mstaafu
Marahaba. Itunze, ila ni dhaifu. Kwenye simu yake mtumaji ni wewe, namba ya yule mama haipo. Wakili wake atasema umeitunga. Dereva aliyeshusha zile gunia yuko wapi? Huyo ana uzito kuliko simu mbili. Na kama kuna pesa yoyote aliwahi kukutumia kwa simu, omba taarifa ya miamala ya laini yako. Hiyo ni haki yako, haihitaji polisi.

FundiMsamvu
Dada, simu kutowaka si kwamba meseji zimefutika. Mara nyingi ni chaji au kioo. Mpelekee fundi, mwambie unataka vilivyomo, na usikubali aiflashi, yaani aifute yote na kuianza upya, hata akisema ndiyo njia pekee. Ikiwaka, usipige skrinishoti tu, simu yenyewe nenda nayo mahakamani.

MamaGunia
Dereva ni wa Kihonda, namba yake ninayo kwenye daftari. Nampigia sasa hivi kwa simu ya jirani.