Mlango niliodhani Mungu ameufungua umefungwa: nitaendeleaje kumtumaini?

Msafiri Aliyekwama

Bwana asifiwe, wapendwa. Kwa miaka mitatu niliomba na kujiandaa kwenda kusoma shahada ya pili mbali na nyumbani, na nilipopata nafasi pamoja na ufadhili nilisimama kanisani nikashuhudia kwamba Mungu ndiye aliyenifungulia mlango. Wiki tano kabla ya kuondoka, mama yangu alipatwa na kiharusi, upande wake wa kulia ukapooza. Nafasi ile niliiachia, na sanduku nililonunua kwa ajili ya safari sasa lina mashuka ya kumbadilishia mama usiku.

Simlaumu mama, wala sijaacha kwenda ibadani. Kinachonisumbua ni kwamba karibu kila anayekuja kututazama hunisomea Yeremia 29:11, kwamba Mungu anatuwazia mawazo ya amani wala si ya mabaya, nami huitikia “amina” huku nikijiuliza kama nilimsikia Mungu vibaya tangu mwanzo. Tena, nitajuaje kama kweli ninamtumaini, au nimekata tamaa tu nikakuita huko kukata tamaa imani?

Mzee wa Kanisa

Binti yangu, pole sana kwa kuuguza. Kabla hujahitimisha kwamba ulisikia vibaya, soma Matendo 16 polepole. Paulo na wenzake walikusudia kulihubiri neno katika jimbo la Asia, wakakatazwa na Roho Mtakatifu. Wakajaribu kwenda Bithinia, wakazuiwa tena. Wakateremkia Troa, ambako mbele yao palikuwa na bahari tu. Sioni mahali wanapokemewa kwa kuwa na mipango ile. Hata maono ya mtu wa Makedonia aliyemsihi Paulo avuke yalipowafikisha Filipi, mwanamke aitwaye Lidia na nyumba yake walibatizwa, lakini Paulo na Sila walipigwa bakora na miguu yao ikafungwa kwenye mkatale. Kwa kipimo tulichozoea wengi wetu (nami nimekitumia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri), kwamba mambo yakinyooka ndipo tunajua Mungu yumo, safari ile ingehesabiwa kuwa kosa.

Soma pia Warumi 15, ambamo Paulo anaandika bila kusitasita kwamba atapitia Rumi akielekea Spania. Rumi alifika, lakini akiwa mfungwa, baada ya merikebu kuvunjika kisiwani Melita, na kitabu cha Matendo kinamwacha amekaa miaka miwili katika nyumba aliyoipanga, chini ya ulinzi. Kwamba alifika Spania, Biblia haisemi. Hata hivyo, maneno yale yamebaki katika waraka ambao kanisa linausoma hadi leo, na hakuna aliyeyafuta kwa sababu mambo hayakwenda kama alivyoandika. Ushuhuda wako nao usiufute; ulishukuru kwa kile ulichokuwa umekiona.

Mwalimu wa Shule ya Jumapili

Naomba niongeze jambo kuhusu Yeremia 29. Ile ni barua kwa watu waliokwisha kuchukuliwa mateka Babeli, na aya ya 10, ambayo wageni wako huiruka, inasema kwamba watarudi baada ya miaka 70. Sura moja kabla yake, Hanania alikuwa amewaahidi watu kurudi ndani ya miaka miwili, na huyo ndiye aliyekuwa nabii wa uongo. Yeremia aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, tena wauombee amani mji ule uliowashikilia. Si neno la kumwachia mtu mlangoni wakati wa kuaga.

Muuguzi wa Usiku

Nakubaliana na Mzee kuhusu Paulo, ila nina wasiwasi na jambo ambalo hakuligusa. Nilimuuguza baba yangu kwa miaka minne, na kila lililotupata nyumbani tuliliita mapenzi ya Mungu hadi ikawa vigumu kuuliza lolote. Ndugu zangu walituma salamu na mistari ya Biblia, nami nikaona kwamba kuwaomba washike zamu ni kunung'unika. Dada, je, umekiuliza chuo kama kinaweza kukupokea mwaka mwingine? Je, wapo ndugu wanaoweza kukupumzisha? Kuuliza si kukosa imani.

Na siku ambayo “amina” haitoki, soma Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za maombolezo hugeukia sifa kabla ya kwisha, lakini hii inaishia gizani, ingawa inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu. Niliisoma kwa sauti saa tisa usiku, nikiwa nimemgeuza baba ubavu asipate vidonda vya mgongo, naye akanifinya mkono.

Msafiri Aliyekwama

Nawashukuru nyote. Chuo sikukiuliza, kwa sababu nilidhani kuuliza ni kushindana na Mungu. Nitaandika kesho, nikishamaliza kumwogesha mama. Kuhusu kaka yangu, hilo ni zito kuliko barua, lakini nitampigia simu.

Zaburi ile nimemsomea mama jioni hii. Akaniuliza, kwa maneno yake yanayotoka moja moja, mbona nimekatiza. Nikamwonyesha kwamba ndipo inapoishia. Akasema niisome tena.