Naomba ushauri: msumeno wa kukata pembe kwa karakana ndogo

Wakuu, habari za kazi. Karakana yangu ni finyu, na benchi limegusa ukuta. Kazi zangu nyingi ni fremu za picha, masanduku na skatingi (mbao za chini ya kuta), kwa hiyo pembe ya nyuzi 45 ndiyo mkate wangu. Kona ikiachia hata uwazi mwembamba, mteja anauona kabla yangu.

Nimebaki na njia mbili. Ya kwanza ni mashine ya bledi ya milimita 216 yenye reli za kuteleza. Hiyo hukata ubao mpana, takriban milimita 300, lakini kwa mashine nyingi za aina hiyo reli hutokeza nyuma, na mimi nafasi hiyo sina. Zipo ambazo reli hazisogei, kichwa ndicho kinachoteleza juu yake. Hizo zinanivutia sana. Ya pili ni ya milimita 254 isiyoteleza. Haina reli za kulegea, ila upana wake wa kukata ni kama nusu tu ya ile.

Waliotumia zile za kuteleza kwa muda mrefu: je, reli huanza kucheza? Pembe inabaki ileile baada ya kuibeba mashine huku na huko? Hilo kwangu ni zito kuliko nguvu ya mota.

Pia bledi: nafikiria meno 60 kwa fremu badala ya 24 au 40 zinazokuja nayo. Nitakuwa sahihi? Na vumbi mnalidhibitije chumba kikiwa kidogo?

Natanguliza shukrani.